Ukuta unaotoa chumvi: rangi ya mafuta, saruji, chokaa au vigae?

Masika yakishapita, nyumba nyingi za pwani, kuanzia Mtwara na Dar es Salaam hadi Tanga, Zanzibar, Mombasa na Lamu, huonyesha ugonjwa mmoja. Rangi ya sebuleni inavimba karibu na sakafu. Ukiigusa inabanduka, na nyuma yake kuna unga mweupe. Ukikwangua kwa kucha, mchanga wa lipu unamwagika wenyewe. Hapo ushauri huja wa kila namna. Muuza duka atakutajia rangi ya mafuta. Fundi atakutajia saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Jirani atakwambia piga vigae hadi kiunoni, habari iishe. Mzee aliyekulia Mji Mkongwe atakwambia chokaa.

Kila mmoja amewahi kuona ushauri wake ukifanya kazi mahali fulani. Shida ni kwamba nyumba zao hazifanani na yako, na ukuta hautoi jibu siku ile ile. Utapendeza miezi sita au mwaka, fundi ameshalipwa na kuondoka, ndipo doa lirudi, safari hii juu zaidi ya pale lilipokuwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili ujue ninakoelekea. Nyumba ya mawe na chokaa irudishiwe chokaa. Nyumba ya tofali za saruji inaweza kupigwa lipu ya saruji, mradi maji yameshazuiwa yanakoingilia. Rangi ya mafuta na vigae juu ya ukuta mbichi sivishauri kwa mtu yeyote, na nitaeleza sababu.

Kabla ya kununua chochote

Ukuta hulowa kwa njia nne, na kila moja ina dawa yake. Maji yanaweza kupanda kutoka ardhini, yakinyonywa na vitundu vidogo vya tofali au jiwe. Haya huacha mstari wa doa unaokwenda sambamba na sakafu, kwa kawaida usiozidi mita 1 au mita 1 na nusu kutoka chini. Yanaweza kupenya kutoka nje kwa mvua inayopiga ukuta au maji yanayorukia kutoka ardhini, na hapo doa huonekana zaidi upande unaopigwa na upepo wa kusi. Yanaweza kuvuja kutoka kwenye bomba, bafu, tanki linalofurika au mrija wa kiyoyozi unaotonea ukutani mwaka mzima, na doa lake huwa la duara au la upande mmoja, wala halijali mvua. Mwisho ni mvuke wa chumbani wenyewe, wa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Huu huleta ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya kabati, bila unga mweupe.

Kipimo cha kutenganisha mvuke na maji ya ukutani hakina gharama. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni inayoonyesha, ukizibe kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumba, unyevu unatoka hewani na kinachotakiwa ni dirisha, si lipu. Yakikaa upande wa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta.

Kisha toka nje, utazame kimo cha ardhi. Nyumba iliyojengwa vizuri ina utando wa nailoni au wa lami juu ya msingi, ule mafundi wanaouita DPC, na unatakiwa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Lakini barabara za mitaa yetu hupandishwa kila zinapotengenezwa, uani tunamwaga kifusi, tunapanga vitofali vya kutembelea, tunajaza udongo wa bustani ukutani. Baada ya miaka, ardhi imeshapita ule utando na maji yanaingia juu yake kana kwamba haupo. Nyumba nyingi zinazosemwa zilijengwa bila DPC zinayo, ila imefukiwa.

Hapo kazi ya kwanza ni jembe na beleshi. Shusha udongo, ondoa bustani iliyoegemea ukuta, weka mkanda wa zege kuzunguka nyumba ukiwa na mteremko wa kutoa maji nje, kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kama huwezi kushusha ardhi yote, chimba mtaro mwembamba kando ya ukuta, uujaze kokoto, na uupe mahali pa kutolea maji. Weka gata au uitengeneze iliyotoboka. Hili halina utamu wa kwenda dukani kuchagua rangi, lakini lisipofanyika hakuna njia yoyote kati ya hizi ninazozilinganisha itakayodumu.

Chumvi ndiyo inayotuponza

Watu wa bara hupata unyevu pia, ila pwani tuna nyongeza. Maji ya ardhini yana chumvi, upepo wa bahari unaileta, na mara nyingi tofali zenyewe au lipu vilichanganywa na mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Maji yakifika juu ya ukuta huenda na upepo, chumvi hubaki. Ikikauka hujenga fuwele ndani ya vitundu vya lipu, na fuwele zinapokua husukuma na kupasua kutoka ndani. Ndiyo maana lipu inageuka mchanga.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, na pwani hali hiyo ni ya kawaida usiku na alfajiri kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maana yake, hata ukishaziba maji ya chini kabisa, lipu ya zamani iliyoshiba chumvi itaendelea kulowa kwa hewa tu. Haiponi kwa kupakwa. Lazima itolewe, hadi nusu mita juu ya mstari wa juu kabisa wa doa, na kifusi chake kitupwe mbali na nyumba. Ukifagia unga mweupe, fagia kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji, unayeyuka na kurudi ndani ya ukuta.

Rangi: ya maji au ya mafuta

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na siidharau kabisa. Ukikwangua rangi iliyobanduka, ukasugua kwa msasa, ukapaka rangi ya maji ya kawaida, utapata ukuta safi kwa msimu mmoja, pengine miwili. Rangi ya maji iliyo nyepesi huruhusu unyevu kiasi kupita, kwa hiyo hata inapoharibika huharibika taratibu na sehemu ndogo. Kwa mtu anayengoja fedha za kazi kubwa, au mwenye wageni wa harusi wiki ijayo, ni uamuzi wenye akili.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine. Hii huweka ngozi isiyopitisha kitu. Utasikia fundi akisema, "Mama, tupige ya mafuta tu, hii haishiki maji." Ni kweli haishiki maji yanayotoka chumbani, na ndiyo sababu inafaa jikoni na kwenye korido ambako watoto hugusa ukuta. Lakini maji yanayotoka ndani ya ukuta huikuta kwa nyuma. Yanajikusanya, yanaivimbisha malengelenge, na yasipopata pa kutokea hupanda. Ukuta uliokuwa na doa la sentimita 40 unaweza kufikisha doa la kifuani. Baadaye ukitaka kupiga lipu mpya, ile rangi ya mafuta inabidi itolewe yote kwa tindo, kwa hiyo kazi iliyokusudiwa kuokoa fedha inaongeza siku za vibarua.

Ukilazimika kuchagua kati ya hizo mbili tu, chukua ya maji. Rangi za nje zinazouzwa kwa jina la kuzuia maji zina nafasi yake kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ambao kwa ndani ni mkavu. Kwenye ukuta unaonyonya kutoka chini zina madhara yale yale ya rangi ya mafuta.

Saruji na chokaa: hapa ndipo penye uamuzi

Kabla ya viwanda vya saruji vya Bamburi mwaka 1954 na Wazo Hill mwaka 1966, pwani ilijengwa kwa chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kwa awamu tangu karne ya 11, Husuni Kubwa ya karne ya 14, magofu ya Gedi, nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, zote ni mawe ya tumbawe yaliyoshikwa na chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900, likatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Ikimwagiwa maji inachemka na kuwa uji mweupe. Ukishapakwa ukutani, uji huo hunyonya tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, polepole, kwa majuma na miezi.

Saruji hushika kwa saa chache na hufikia nguvu yake ya kupimwa kwa siku 28. Ni ngumu na imeshikana. Chokaa ni laini na ina matundu mengi ya kupumulia. Tofauti hizo mbili ndizo zinazoamua kila kitu.

Chukua ukuta wa tumbawe wa nyumba ya zamani, unene wake nusu mita au zaidi, usio na DPC kwa kuwa haikuwapo. Uliishi miaka mingi kwa sababu maji yaliyopanda yalitoka nje kupitia lipu ya chokaa. Ukuta ulilowa masika, ukakauka kiangazi. Ukiupiga lipu ya saruji nje na ndani, umeufungia mlango. Maji hupanda hadi pale saruji inapoishia, chumvi hujenga fuwele nyuma ya saruji, kwenye jiwe lenyewe ambalo ni laini kuliko lipu uliyoibandika. Siku moja lipu inadondoka ikiwa bamba zima, na imebeba uso wa jiwe. Kibaya zaidi ni boriti. Vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta, na ukuta usiokauka huviozesha au huvipa mchwa chakula, mahali ambapo hakuna anayeviona hadi dari iiname. Kwa nyumba ya aina hii silioni suala la bei hata kidogo: saruji itolewe taratibu, irudi chokaa. Ikiwa nyumba imo ndani ya Mji Mkongwe, ulioandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, mamlaka ya hifadhi inapaswa kuulizwa kabla ya kugusa ukuta, na ushauri wao kuhusu chokaa una faida kwako.

Nyumba ya tofali za saruji ni kinyume. Tofali na lipu ni ndugu, ugumu wake unakaribiana, na ukuta ni mwembamba. Hapa lipu ya saruji inafaa, ni ya haraka, mafundi wanaijua, na ukuta utastahimili kugongwa na viti. Mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano unatosha. Kuna imani kwamba saruji ikizidi lipu huwa imara zaidi. Kinachotokea ni nyufa, na nyufa ni njia za maji. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kipimo hicho hufunika takriban mita 10 za mraba kwa unene wa milimita 15, pamoja na toroli tatu hivi za mchanga. Dawa ya kuzuia maji unaweza kuiongeza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake, ila usiitegemee kufanya kazi ya DPC. Mwagia lipu maji siku 7, kisha ngoja wiki 4 kabla ya kupaka rangi.

Jambo moja dogo huharibu kazi nzima. Lipu isishuke hadi kugusa ardhi ya nje au jamvi la sakafu ndani. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Lipu inayogusa chini hunyonya maji na kuyavusha juu ya DPC, hata DPC yenyewe ikiwa nzima. Ndani, nafasi hiyo hufichwa na kigae chembamba cha pembeni au ubao.

Katikati ya hizi mbili kuna nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Unguja zilizojengwa kwa mawe ya kukata yaliyounganishwa kwa saruji. Kwa hizo napendelea mchanganyiko wa saruji moja, chokaa moja na mchanga sita. Unashika upesi kuliko chokaa tupu, unapasuka kidogo kuliko saruji tupu, na unauacha ukuta upumue kiasi. Fundi akikuambia hajawahi kuupiga, mwambie auchanganye mkavu kwanza, rangi iwe moja, ndipo aongeze maji. Ataupenda mwenyewe, maana unateleza vizuri kwenye mwiko.

Ukiamua kupiga chokaa kwa mikono yako

Chokaa inasamehe mikono isiyo na uzoefu kuliko saruji kwa sababu haikukimbizi. Inachodai ni subira, na vitu vichache visivyopuuzwa.

Nunua chokaa ya ujenzi iliyosagwa, ya mfuko, ambayo imeshachomwa na kuzimwa. Tanga ina machimbo ya mawe ya chokaa na bidhaa yake imezoeleka. Usichukue ile ya shambani ya kupunguza uchachu wa udongo. Nyingi kati ya hizo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa, na haishiki hata ungoje mwaka. Usichukue pia ile inayochomwa kwa matumbawe yaliyotolewa baharini. Mwamba ukivunjwa, samaki wanakosa mazalia na ufukwe unakosa ngao, na sheria inakataza. Mfuko uwe mpya na mkavu. Wenye mabonge umeshakula hewa na nguvu yake imepungua.

Loweka chokaa kwenye pipa angalau usiku mmoja, wiki ni bora zaidi, hadi iwe uji mzito. Changanya na mchanga mkali wa mto, chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga upimwe hivi: jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, acha itulie saa kadhaa. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au utafute mwingine. Mfuko wa kilo 25 utakupa takriban mita 10 za mraba za unene ule ule wa milimita 15.

Ukuta uliokwisha kutolewa lipu uachwe wazi ukauke kadiri unavyoweza kuvumilia, majuma kadhaa ikiwezekana, na kila wiki ufagie chumvi inayojitokeza. Siku ya kupiga, unyunyizie maji kidogo usinyonye lipu ghafla. Weka tabaka lisilozidi milimita 10 au 12, likaze siku kadhaa, ndipo uweke la pili. Tundika magunia mabichi mbele yake ili jua na upepo visilikaushe. Chokaa inayokauka kabla ya kushika inabaki vumbi. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni majira mazuri kwa sababu jua si kali, ingawa kwenye ukuta wa nje kusi huvuma sana na magunia hayaepukiki.

Umalizie kwa chokaa nyepesi ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu hadi mitano, kila mmoja ukiwa mwembamba na ukuta ukiwa umelowanishwa. Wazee wengi huongeza chumvi kwenye chokaa ya kupaka ili isichafue nguo. Kwa ukuta tunaojaribu kuuondolea chumvi, usifanye hivyo. Chokaa ya kupaka ina kasoro hiyo kweli: itaacha alama nyeupe kwenye shati la mtu anayeegemea, na kila baada ya mwaka au miwili itahitaji mkono mmoja mpya. Asiyeweza kukubali hilo atafute rangi ya ndani inayopitisha hewa, aipake ukuta ukishakauka sawasawa.

Tafadhali vaa miwani na glavu. Chokaa mbichi inachoma ngozi na inaweza kupofusha. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na chokaa hai, ile ambayo haijazimwa, usiizimie nyumbani penye watoto. Inapokutana na maji huchemka na kuruka, na ndoo ya plastiki inaweza kuyeyuka.

Vigae na mbao za kuficha

Vigae vya ukutani ni vizuri bafuni na nyuma ya jiko, mahali ambapo maji yanatoka chumbani. Kwenye ukuta unaonyonya kutoka chini vinafanya kazi ya rangi ya mafuta kwa bei kubwa zaidi. Ukivipandisha mita moja, chumvi itatokea sentimita chache juu ya kigae cha mwisho. Gundi yake hulegea, na vikianza kulia kwa ndani unapovigonga, ujue vinakaribia kuanguka.

Mbao za plastiki na bodi za jipsamu zinazopigiliwa juu ya fito zimeingia sana sasa kwa kuwa chumba hubadilika kwa siku moja. Nazipinga kwa ukuta mbichi kwa sababu ya afya kuliko kitu kingine. Nyuma yake hewa haitembei, ukungu unakua gizani, fito zinakuwa njia ya mchwa, na wenye pumu ndani ya nyumba wanaumia bila mtu kujua chanzo. Jipsamu yenyewe hunyonya maji ikavimba na kumomonyoka. Poda ya jipsamu ya kulainishia ukuta ina tabia hiyo hiyo. Isitumike chini ya mita moja kwenye nyumba yenye tatizo hili.

Dawa ya kutobolea ukuta

Kuna krimu inayoingizwa kwenye mashimo ili kutengeneza kizuizi kipya pale ambapo DPC haipo au imekufa. Si kila duka linayo, na bei yake ni ya juu kuliko vitu vyote nilivyotaja. Mashimo ya milimita 12 hutobolewa kwenye mstari mmoja wa kiungo cha tofali, sentimita 15 juu ya ardhi, kila baada ya sentimita 12, yakikaribia kutokea upande wa pili bila kutokea. Mtu mwenye drili nzuri anaweza kuifanya mwenyewe kwa ukuta wa tofali zilizojaa. Kwa bloku zenye matundu, krimu humwagika kwenye uwazi na fedha inapotea. Kwa ukuta mnene wa tumbawe uliojazwa mawe madogo katikati, hakuna mstari wa kiungo wa kufuata, kwa hiyo usijisumbue.

Kukata ukuta na kuingiza DPC mpya vipande vipande hufanyika pia, lakini hiyo si kazi ya mwenye nyumba na nyundo yake. Ukuta unaobeba paa ukikatwa vibaya unaua. Mwachie fundi aliyewahi kuifanya, na uone nyumba aliyoifanyia.

Kwa mpangaji, na kwa mwenye fedha kidogo

Mpangaji hana sababu ya kuwekeza lipu mpya kwenye nyumba ya mtu. Mwonyeshe mwenye nyumba ile nailoni yenye matone. Ushahidi wa macho hufungua mazungumzo kuliko malalamiko. Wakati unangoja, vuta kabati na kitanda mbali na ukuta sentimita 10, fungua madirisha mawili yanayotazamana asubuhi, fagia unga mweupe kwa brashi kavu, na ukitaka weupe, paka chokaa nyepesi. Ndoo moja inatosha chumba.

Mwenye nyumba mwenye fedha kidogo aanze na kazi za nje: gata, mrija wa kiyoyozi, udongo uliojaa ukutani. Halafu atoe lipu mbovu na kuacha ukuta wazi. Hauvutii macho, lakini unakauka, na kukauka huko hakununuliwi dukani. Kisha achague ukuta mmoja tu, mbaya kuliko zote, aupige lipu inayolingana na nyumba yake na aache masika moja ipite juu yake. Usipotoka alama mpya, aendelee na kuta nyingine. Alama ikijitokeza, arudi nje kutazama mtaro na kimo cha ardhi kabla ya kufungua mfuko mwingine.